Duara Juu ya Mistari Miwili

Mimi ndiye niliyewaalika binamu zangu kwenye shoo ile, na mpaka leo najilaumu. Rafiki yangu alikuwa amerudi kutoka Nairobi na bendi yake ya roki, wapige Jumamosi mchana kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Wabera, hapa Isiolo. Alihofia kupigia viti vitupu. Nikazunguka na boda nikiwasihi watu, na wana wa mjomba wangu, wafugaji wasiojua roki ni mdudu gani, wakaja kwa ajili yangu. Walikaa nyuma yangu, karibu na mlango.

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa kwenye soko la mifugo, nikaona ngamia jike mwenye mistari miwili pajani. Hiyo ni chapa ya baba yake rafiki yangu. Ngamia wake waliibwa upande wa Sericho, na tangu siku hiyo mzee hajawa mtu wa kuongea. Juu ya mistari ile palikuwa pamechomwa duara, kidonda bado kibichi. Duara ni chapa ya mjomba wangu.

Nilimpigia rafiki yangu nikamweleza yote, isipokuwa duara ni la nani. Uoga tu. Nilimwomba amwambie baba yake, wazee wakae, mambo yaishe kimya kimya. Lakini yeye alikulia mjini, hasomi chapa. Kwake duara ni duara.

Wimbo wa tatu ulianza polepole. Nilikuwa natikisa kichwa, najidai naujua, hadi nikasikia: mistari miwili, duara juu yake, bado linatoa usaha. Rafiki yangu aliyarudia maneno hayo mara nne. Vijana wa mbele waliruka ruka. Watu wazima wakaacha kupiga makofi, na mmoja mmoja wakageuka kutazama kule tulikokaa. Hapa Isiolo, kutaja chapa ni kumtaja mwenyewe pamoja na ukoo wake.

Binamu yangu mkubwa akaniinamia sikioni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nani amemwambia hiyo maneno ya duara?"

"Mimi sijui," nikasema.

Magitaa yakanyamaza. Rafiki yangu alikuwa analowa jasho, anacheka kwa furaha ya kusikilizwa nyumbani kwao. Nilitamani umeme upotee.

"Hii ngoma si yangu peke yangu," akasema kwenye maikrofoni. "Hiyo stori nilipewa na beshte yangu, yule pale nyuma. Buda, simama wakuone."

Sikusimama. Binamu yangu akapitisha mkono kwapani mwangu, akaninyanyua taratibu.