Udongo wa Mheshimiwa

Hiki ni kipindi chake cha tatu cha ubunge, na mheshimiwa hakosi maziko Ngamiani. Hufika na kanzu iliyonyooka kwa pasi, hutia bega kwenye jeneza hatua chache mbele ya simu za watu, kisha huinama kaburini, hufumba kiganja na kukifumbua. Idarusi, mchimba makaburi, roho haimtulii na kiganja kile, maana hakidondoshi hata chembe ya udongo. Siku ya kumzika mdogo wake, Idarusi alichota udongo mwenyewe, akamjazia kiganjani. "Mtie huu, mheshimiwa." Mheshimiwa akautupia kaburini, akajipangusa kwa kitambaa cheupe, akakitupa papo hapo. Jioni, matangani, alisimama. "Marehemu nimemzika kwa mikono yangu hii." Watu wakaitikia. Idarusi akakipapasa mfukoni kile kitambaa alichokiokota, kingali na udongo wa mdogo wake.