Daftari la Vibarua na Maporomoko ya Maji

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu alifundisha udereva akiwa kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki. Presha ya macho ilipomnyang'anya leseni, kiti alibaki nacho. Kilichoondoka ni breki. Jumamosi ile binti yake alikuwa anaendesha, na kila penye kona Mwalimu alikanyaga sakafu.

"Baba, utatoboa gari."

"Punguza mwendo."

"Niko hamsini!"

"Basi ongeza. Ofisi inafungwa saa sita."

Mkewe, kiti cha nyuma, akaangua kicheko. "Apunguze au aongeze? Chagua moja, mume wangu."

Walikuwa wanakwenda kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yake Mwalimu ujanani. Mzee huyo alikufa bila kusema kwao ni wapi. Akiulizwa alijibu "mbali," kisha akaomba maji ya kunywa. Sasa kiwanda kimeuzwa na Jumatatu alfajiri makaratasi yote yangechomwa. Karani alikuwa amemwambia Mwalimu kwenye simu kwamba lipo daftari la vibarua, na lina safu ya mahali mtu alikotoka. Katika umri wa miaka sitini na minane, Mwalimu alikuwa anafuata neno moja tu kwenye safu hiyo.

Mkewe naye alikuwa na lake. Tangu waoane, miaka thelathini na minane, hakuwahi kusafiri mbali ila kwa msiba. Saa tatu na nusu kikatokea kibao cha maporomoko ya maji.

"Nusu saa tu," alisema. "Maji hayo nayaona kwenye kalenda tangu sijaolewa."

Mwalimu alitaka kukataa, akaikumbuka misiba yote hiyo, akamwashiria binti akate kona.

Nusu saa ikawa saa moja na nusu. Alikaa kwenye benchi, mbele yake ngurumo na weupe usio na umbo, akiwauliza wapita njia saa ngapi. Mkewe alirudi ameloa chapachapa, anacheka kama msichana. "Ungeona!" alisema, kisha akajiuma ulimi.

Walifika kiwandani saa sita kasoro dakika kumi. Karani alikuwa amesimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Mzee, si nilikwambia uwahi? Haya, dakika kumi."

Binti alifunua kurasa huku anapiga chafya. "Huyu hapa! Jina la babu, na la baba yake. Katoka ziwani."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa inalirudia neno hilo kimyakimya binti alipofunua ukurasa mwingine na kusimamisha kidole.

"Kuna nini?"

"Yupo mwingine, Baba. Majina yaleyale, mwaka uleule. Huyu katoka milimani."

Hapakuwa na saini, alama za dole gumba tu. Mwalimu aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Aliona madoa mawili meusi.

"Kila kibarua alikuwa na kadi ya kazi, na kadi zina jina la mama," karani alisema.

"La bibi yangu ninalijua! Zilete."

"Ziko stoo, na ufunguo anao mwenzangu. Amekungoja mpaka saa tano na nusu, akaenda kwao. Huko simu hazishiki."

"Atarudi lini?"

"Jumanne, mzee. Na Jumatatu wenye kiwanda wapya wanavunja mlango, wanachoma kila kitu."

Karani akalifunga daftari, taratibu, kama mtu anayeona haya.

Ndani ya gari mke alisema, "Ni mimi."

"Si wewe," Mwalimu alijibu.

Penye njia panda binti alisimamisha gari. Kushoto ziwani, kulia milimani. "Baba, tupite wapi?"

Mwalimu aligeuza uso kushoto, kisha kulia. Lori la nyuma likapiga honi.

"Ziwani wanasema kuna ufuo mzuri," mama yake alisema kwa sauti ndogo.

Binti alimtazama baba yake, akakata kushoto.

Jioni mkewe alikuwa mchangani, viatu mkononi, anaongea na dada yake kwa simu. "Ndiyo, tumepapata kwao shemeji yako. Ni huku ziwani. Yaani pazuri, dada, acha tu!"

Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka hapo, na kila neno alilisikia. Hakuwa na ushahidi wa kumkanushia.