Kitambaa Nilichoogopa Kugusa

Nyinyi mnaonicheka kwamba siwezi kushika spana kabla sijamchosha dereva kwa maswali, leo nitawaambia sababu, na mkimaliza kucheka mniachie aibu yangu niende nayo nyumbani.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi kibaya, na mimi nilikuwa fundi wa dizeli pale Garissa, mtoto wa Machakos niliyesomea Nakuru, nina cheti na mdomo mrefu kukishinda. Dereva mmoja anaitwa Abdi alikuwa anapeleka boza la maji kijijini kwao, mbele ya Dadaab, ambako mama yake na majirani walikuwa wamebakiza maji ya siku moja na mbuzi wameanza kushindwa kusimama, na kwa kuwa gari lilikuwa limepungua nguvu akanichukua niende naye, lolote likitokea fundi yupo (nami nikapanda na ovaroli mpya, nijulikane).

Lolote likatokea. Gari lilienda likitoa moshi mweusi, harufu ya dizeli mpaka macho yanawasha, na kilomita kama kumi kabla ya kufika likagoma mchangani. Sasa, mtu yeyote wa kazi hii anajua moshi mweusi wenye harufu ya mafuta una mambo mawili, ama mafuta yamezidi ama hewa haitoshi, na unaanza na hewa kwa sababu ndiyo rahisi. Lakini nilipofika kwenye mdomo wa kuvutia hewa nikaukuta umefungwa kitambaa, kimezungushwa kamba kwa adabu kabisa, nikajiambia hiki ni kitu cha dini, kimesomewa dua. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekanyaga mkeka wa kuswalia wa mzee mmoja kwa viatu vya grisi, nikakemewa sokoni watu wote wakinitazama, kwa hiyo niliapa sitagusa tena kitu chao nisichokijua. Na kuuliza je? Fundi mzima na cheti chake amuulize dereva kitambaa ni cha nini? Nikachukua spana.

Nikamtangazia Abdi kwamba nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini zimekufa, zinayamwaga ovyo. Akaniuliza, "Una uhakika, fundi? Watu wanangoja maji." Nikamwambia akae kivulini.

Nikafungua nozeli ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, nikazipuliza kwa mdomo (ile dizeli naisikia mpaka leo nikipiga mwayo), zote nzima, na hapo mtu mwenye akili angesimama, lakini maji ukiyavulia nguo lazima uyaoge, hata kama si yako. Ukaja upepo ukapindua gunia nililopangia zile washa, pete ndogo za shaba za kuzibia nozeli, zikaingia mchangani, tukachambua mchanga kama watu wanaochagua mchele, tukapata nne, mbili zikapotea moja kwa moja. Nikarudisha hivyo hivyo. Gari likawaka mara moja, likavuja kila mahali, likazima, na betri ikafa. Abdi hakunitukana. Alifunga kikoi vizuri akaenda kwa miguu kuita watu, nami nikabaki chini ya boza lililojaa maji, nikalia, sisemi uongo.

Alasiri wakaja wanawake na punda tisa na mitungi, mbele yao Mama Halima, mamake Abdi. Akalizunguka gari, akaona kile kitambaa, akamuuliza mwanawe kitu kwa Kisomali na Abdi akainamisha kichwa. Kisha akanigeukia, kidole kwenye mdomo wa hewa, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao.

"Hii ni shash yangu, ya kichwa. Mimi nafunga haba, fumbi isiingie kwa injini. Kila safari inafuliwa. Wewe fundi, kwa nini hukuuliza?"

Nikamwambia nilidhani ni kitu cha dini. Wanawake wakaangua kicheko, nami nilitamani wacheke mpaka kesho, lakini wakaacha mapema kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Akaifungua shash, akaipiga kwenye tairi, vumbi likamwagika kama unga. Dakika tano tu gari lingepona, kama ningekuwa sijalichinja. Na Abdi, kama alivyonieleza baadaye, hakuifua safari ile kwa sababu hakutaka kupoteza hata kikombe kimoja cha maji ya nyumbani.

Punda wakabeba walichoweza, wakarudi tena asubuhi. Maji ya watu yakafika. Ya mbuzi hayakutosha, na mbuzi wenyewe hawakuweza kutembea kuja kwenye boza, kwa hiyo wa Mama Halima wakafa, akabaki mmoja. Nilitaka kutoroka kwa miguu mpaka Garissa, lakini Abdi akanishika mkono akanipeleka kwao, maana mgeni ni mgeni.

Kwa hiyo mkiniona namuuliza dereva hata kamba ya kufungia mlango ni ya nini, niacheni niulize. Siku ile Mama Halima aliniwekea chai ya maji yale yale yaliyobebwa na punda, akatia sukari tele, akanimiminia kikombe cha pili kabla sijamaliza cha kwanza, na habari ya mbuzi hakuitaja kabisa.