Mfuko Uliofungwa Kiunoni

Huwaida, bintiye Bwana Madi wa Chundwa, alitumia miaka kumi na mmoja katika maabara ya Nairobi akihangaikia mpira wa kutoa mkojo kibofuni ambao vijidudu haviwezi kuushika. Aliupaka utando laini ili viteleze. Kando ya hilo akatengeneza vijikaratasi vinavyogeuka buluu vikichovywa kwenye mkojo wenye vijidudu.

Baba yake alipozibwa mkojo na tezi dume, hospitali ilimtia mpira wa kawaida. Mama yake, Bi Mwanamkisi, akapiga simu.

"Si unao wako? Mletee babako."

"Haujaruhusiwa kutiwa mtu, Mama. Akidhurika nitamjibu nini Mungu?"

Akatuma vijikaratasi tu. Kila Ijumaa mama alichovya kimoja, akamtumia picha. Mara tatu kiligeuka buluu; mara tatu mzee akavushwa kwa mashua hadi Lamu, akapewa dawa, akarudi. Mara ya nne dawa hazikumfaa. Huwaida akaomba ruhusa kazini, akaja.

Alimkuta amemaliza kuswali adhuhuri, anatetemeka kwa homa. Alipomlaza, kikoi kikalegea. Mfuko wa mkojo ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, juu kiunoni.

"Nani kakufunga hivi, Baba?"

"Mimi. Ukining'inia utagusa mswala."

"Ukikaa juu, mkojo unarudi ndani na uchafu wake. Na mwenye udhuru huswali alivyo."

"Hukunambia."

"Sikujua kwamba waufunga."

Mzee akafumba macho. "Umesoma hata ukavaa miwani, usijue kwamba babako huswali."

Huwaida akaushusha mfuko, akakaa chini kumshika miguu. Siku ya tatu baba akafariki. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Aliporudi maabara alirudia majaribio. Miaka yote hiyo mfuko ulikuwa ukining'inia chini ya meza. Sasa akaufunga juu, kama alivyoufunga babake. Vijidudu havikuushika mpira wake hata kidogo. Vilipita ndani yake, vikielea kwenye mkojo, vikaingia katika chupa iliyowekwa badala ya kibofu.

Mama, angali edani, alimuuliza kwa simu: "Niambie kweli. Wako ungalimwokoa?"

"Usingalimwokoa, Mama."

"Alhamdulillahi. Basi hukumnyima kitu," akasema mama, akakata.

Huwaida alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Shukrani ile hakujua aiweke wapi. Akavaa glavu, akaanza kuosha vyombo vya maabara.