Michembe Niliyomlisha Zainabu

Miaka ile ya Ujamaa hapa Bariadi, marafiki wa mwanao wakija kucheza, ulichemsha michembe, vile viazi vilivyokaushwa juani, ukatia karanga za kutwanga, nao wakala sinia moja. Bado navisikia vicheko vyao.

Siku hiyo Zainabu, binti wa jirani yetu mwenye duka, alikaa pembeni.

“Mama Kulwa, mimi sili,” alisema.

Nikadhani anaona haya. “Kwetu mgeni hakatai chakula, mwanangu. Kula.”

Akasita, kisha akatii. Alikula kwa hamu, nami nikamwongezea huku nikijisifia mapishi yangu.

Jioni mama yake akapiga hodi, uso umejaa furaha.

“Nimemfuata mwanangu aje afuturu. Leo ndiyo funga yake ya kwanza.”

Zainabu akajifuta karanga mdomoni, akanitazama mimi.