Baba na Uchunguzi wa Moto

Jumapili moja tuliporudi kutoka misa, tulikuta majirani wa mtaa wetu wa Muhumba wamejaa uani kwetu na ndoo mikononi. Chumba chetu cha nyuma, kile cha mbao, kilikuwa kimeungua upande mmoja. Moto walikuwa wameshauzima. Jirani yetu mjane, anayekaanga mandazi kwenye babula, jiko lake la makaa, nyuma ya ukuta wa upande huohuo, alikuwa ameloa hadi kilemba, maana ndiye aliyehangaika kuliko wote.

Baba hakumshukuru. Alimnyooshea kidole.

"Mama, ni babula yako ndiyo ilituchoma!"

"Babula yangu? Leo sikuwasha hata kaa moja!"

"Tutaona. Mutu asiguse kitu. Mimi mwenyewe nitafanya enquête, uchunguzi kamili."

Baba alikuwa amefundisha fizikia tangu sijazaliwa, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Alivua koti, akakunja suruali na kuingia. Mama alibaki mlangoni, mimi nikamulika kwa simu. Watu waligombea dirisha.

"Moto unapanda," alitueleza kama tuko darasani. "Muangalie ukuta. Nyeusi iko pana kule juu, huku chini iko nyembamba. Tukifuata hii ncha, tutafika pale ilianzia."

Tukaifuata. Ncha haikwenda kwa jirani hata kidogo. Ilishuka taratibu hadi kwenye mabaki ya meza. Baba alipiga magoti, akafukua majivu, akainua pasi. Waya wake ulioyeyuka ulikuwa bado kwenye plagi.

"Papa," mama aliuliza kwa upole wa kutisha, "leo asubui nani alipiga shati pasi?"

"Courant ilikatika," baba alijibu. "Nikaiacha hapo. Kumbe umeme ilirudia."

"Ilirudia tukiwa tunaimba."

Baba alitoka uso umejaa masizi, akainama mbele ya jirani na kuomba radhi kwa Kifaransa kirefu, kizuri sana. Mama wa mandazi alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Unasema nini? Ulinisingizia na Kiswahili, omba pardon na Kiswahili. Na ile sauti yako kubwa ya mwanzo!"

"Mama, nilikosa!" baba alipaza sauti. "Babula yako haina kosa! Na aksanti kwa maji!"

Ua mzima ulipiga makofi. Jirani alijaribu kubaki amenuna, akashindwa, akacheka hadi akaketi juu ya ndoo yake. Baba alienda bombani kunawa, na nilimsikia akimnong'oneza mama kwamba hata hivyo, uchunguzi wenyewe ulikuwa wa kisayansi kabisa.