Mashine Niliyoiombea Msamaha

Maganda ya kahawa yakilala shimoni siku tatu hutoa harufu chachu inayong'ang'ania nguo hata ukizifua mara mbili. Wageni wanaopanda Meru kupiga picha mashamba yetu huisifu harufu hiyo, na mimi huwaacha waisifu. Mimi inanichefua. Nililelewa ndani yake, juu kidogo ya Maji ya Chai, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichotuachia marehemu baba: mama, mimi, na mdogo wangu Neema. Disemba ninayoisimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Jirani yetu alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, na upande ule wote tulipeleka kwake. Iliendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Dizeli ikiisha, jirani aliuvua mkanda, akachomeka mpini wa chuma, na akina mama wakapokezana kuzungusha mpaka jasho liwatoke. Nilitumwa pale na ndoo ya kahawa karibu kila siku, na karibu kila siku nilichelewa kurudi. Mama alisema nimekuwa mvivu. Uvivu gani! Nilikuwa nimesimama natazama jinsi mashine ile ile ilivyokubali injini leo na mkono kesho, ila kamwe si vyote viwili kwa pamoja. Siku moja mtu aliusahau mpini mahali pake injini ikawashwa, na ulimpiga kijana mmoja mkono ukavunjika. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alifanya kazi mjini Arusha na kila Krismasi alikuja na familia yake kukaa kihambani. Mwaka ule alikuja na mambo mawili. La kwanza, alimwambia mama mbele yetu kwamba Januari angemchukua mmoja wetu akaishi kwake na kusoma shule ya Kiingereza. Mmoja tu, na angemchukua yule atakayemwona ana akili ya vitu. Neema alikuwa na miaka tisa na hakujali. Mimi niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. La pili lilikuwa boksi la vitofali vya plastiki vya kuchezea, la mwanawe Aminiel, rika langu. Ndani mlikuwa na gia ndogo ndogo na mota ya betri. Aminiel aliunda gari kama lilivyochorwa kwenye boksi, akaliendesha kutwa nzima, betri zikaisha, akalisukumia chini ya kitanda. Nikamwomba. Akaniambia chukua, limeshakufa hilo.

Nililifumua lote. Kwa siku nne niliunda mashine ya kumenyea kahawa, na kwa kuwa betri hazikuwapo, nikaitilia mpini. Kisha nikaona kwamba kijiti kilichobeba gia kinaweza kuteleza. Ukikisukuma ndani, gia inashika mota. Ukikivuta nje, inaachia mota na kushika mpini. Nilikaa nakisukuma na kukivuta peke yangu nyuma ya banda la ng'ombe, nacheka kama mwehu. Nisimwonee Aminiel, alipoona alifurahi kweli, akanitafutia gia zilizokuwa zimepotea mchangani. Ila hakuwa na subira. Nilimwambia zaidi ya mara tatu: zima kwanza, ndipo uhamishe.

Siku ya pili ya Krismasi betri mpya zikanunuliwa barabarani, na baada ya chakula, wageni wamejaa uani, nikaiweka mashine mezani mbele ya baba mkubwa. Niliiendesha kwa mota, nikazima, nikavuta kijiti, nikaiendesha kwa mkono. Akainama kuitazama. Akauliza nani kaunda. Aminiel akawahi kusema, "Sisi." Nikanyamaza, kwa adabu na kwa ujinga. Baba mkubwa akageuka kumsalimu mgeni aliyekuwa akiingia, na Aminiel, akitaka baba yake akigeuka amkute yeye ndiye anayeendesha, akawasha mota, akashika mpini na kukivuta kijiti kwa nguvu huku gia zinazunguka. Meno yakakatika, mota ikatoa moshi. Baba mkubwa alipogeuka, Aminiel alisema ni mimi. Mama alikuwa amesimama palepale na sinia la vikombe. Akaendelea kuwagawia wageni chai.

Asubuhi yake mama alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Yeye ni mzaliwa wa Machame, na kwao, kama ilivyo kwetu, mtu akikuletea isale huwezi kumnyima msamaha, hata awe amekukosea vipi. Nilimwambia sikuvunja mimi. Akanikazia macho.

"Mpelekee kwa mikono miwili. Usieleze chochote."

Nikaenda. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikalitoa jani. Baba mkubwa alilipokea, akanishika kichwa, na nasema kweli, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Nimekusamehe kabisa, mwanangu. Hatutalitaja tena."

Na hakulitaja tena. Januari alimchukua Neema, mtoto mtulivu asiyeharibu vitu vya watu.

Mimi nilimaliza darasa la saba, basi. Leo nina kibanda Moshono, nafunga mota kwenye vyerehani vya watu na kuwaachia pedali kwa siku umeme unapokatika, na sijalala njaa. Neema ni mwanasheria, hunipigia simu kila Jumapili, sina ugomvi naye. Aminiel ni injinia. Juzi kwenye sendofu ya binti yake alishika kipaza sauti akasimulia jinsi alivyounda gia kihambani akiwa na miaka kumi na mmoja, ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga. Mwanangu ana umri huo huo sasa. Kikivunjika kitu nyumbani anasimama mbele yangu anajieleza mpaka mwisho, ananibishia, na majirani wanasema namlea vibaya. Waseme.

Mama amezeeka, naishi naye. Mwezi uliopita, tukichambua mchele, nilimwuliza kwa mara ya kwanza kama siku ile aliona.

"Niliona," akasema. "Nilijua ni Aminiel. Nilifikiri isale litamlainisha, akusamehe, akuchukue. Ningemwumbua mwanawe mbele ya wageni, asingemchukua yeyote kati yenu."

Alisema hivyo akiendelea kuchambua. Huenda alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana Neema alisoma. Baba mkubwa nilimsamehe siku ya mazishi yake. Aminiel nimemsamehe pia, alikuwa mtoto. Mama namwogesha, nampikia uji, namshika mkono kila Jumapili tukienda ibadani. Kumsamehe bado.